Umehamishiwa Kampala kikazi na unaona baa tu? Soma hapa

Mkuu, umesema benki imekuhamisha kutoka Dar, kila mara uko safarini Nairobi au Kigali, na ukirudi Kampala wenzako wanakupeleka baa tu. Unauliza kama maisha ya sanaa yapo. Yapo tele. Mimi mtu wa Bukoba, kazi yangu ukaguzi wa hesabu, na mji huu nimeuzoea. Sanaa ya hapa haijitangazi sana. Ukishajulikana sehemu mbili tatu, wenyewe ndio watakuita.

Usianze na matamasha makubwa. Nyege Nyege ina raha yake, lakini ni ya mara moja kwa mwaka. Anza na Kabalagala. Najua umecheka, maana wenzako wanapajua kwa baa zake. Huko huko ndiko kiliko kituo cha 32° East, chenye studio za wasanii na maktaba. Nenda mchana, umkute msanii ana rangi mikononi. Siku ya ufunguzi wa maonyesho kila mtu ameshika glasi na kuzipa picha mgongo. Zile hafla za makampuni ndizo mbaya zaidi, mimi nilishaacha kuzihudhuria.

Halafu pita Afriart, ipo Industrial Area, inafanya kazi tangu 2002. Kutazama hakukulazimishi kununua. Ndiyo galari inayomsimamia Sungi Mlengeya, Mtanzania mwenzetu anayechora wanawake weusi juu ya turubai jeupe lililoachwa wazi. Naye alikuwa mtu wa benki, akaacha kazi ili achore. (Usije ukapata mawazo kabla ya mkopo kuisha.)

Ukitaka kitu cha mkononi, nenda kwenye vibanda vya kazi za mikono nyuma ya National Theatre, jengo lililofunguliwa 1959. Omba kuoneshwa nguo ya gome, Waganda wanaiita lubugo. Usiridhike na kuitazama ikiwa imetundikwa. Ishike, uinue kwenye mwanga. Utaona mistari membamba iliyoachwa na nyundo za mbao zenye matuta, na viraka vilivyoshonwa kwa mkono pale gome lilipotoboka. Mti wake, mutuba, haukatwi. Unabanduliwa gome, kisha shina linafungwa majani ya migomba mpaka gome jipya liote. Rangi ile ya kutu inakuja kipande kikianikwa juani. UNESCO iliutambua ufundi huu 2005, lakini Waganda walikuwa wanazikia wafu wao kwa nguo hiyo karne nyingi kabla. Ukinunua, viringisha, usikunje, na usiiweke chini ya laptopu kwenye begi.

Sasa safari. Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapojinyima wenyewe. Mkutano Nairobi unaisha Ijumaa saa kumi, mtu anakimbilia ndege ya jioni, anatua Entebbe, na kilomita kama 40 za kuja mjini zinammalizia usiku. Barabara ya kulipia inakwenda vizuri, ila ikikutema mjini foleni inakupokea. Kwa nini? Rudi Jumamosi jioni. Usiku huo wa ziada wa hoteli lipa mwenyewe, usiuchomeke kwenye madai ya safari. Nakwambia kama mkaguzi, tunauona.

Jumamosi hiyo, ukiwa bado Nairobi, nenda Paa ya Paa, kituo cha sanaa. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, alikianzisha kituo hicho na wenzake mwaka 1965. Ukirudi Kampala, panda Makerere kwenyewe, kwenye shule ya sanaa iliyoanzia masomo ya Margaret Trowell mwaka 1937. Sam Ntiro wa Machame alisoma na kufundisha pale, kabla hajatumwa London kuwa balozi wa Tanganyika. Yaani wewe si Mtanzania wa kwanza kuletwa na kazi kwenye mji huu ukatafuta picha za kutazama.

Kigali ni rahisi zaidi: Inema, kituo cha sanaa, iko Kacyiru, mtaa wenye ofisi nyingi, kwa hiyo hata kati ya mikutano miwili unaweza kupita.

Ukiwa Kampala, Jumapili jioni iachie Ndere, kituo cha ngoma za asili upande wa Ntinda. Utaona bakisimba ya Buganda, larakaraka ya Waacholi na ekitaguriro ya Ankole, ambapo wachezaji wananyanyua mikono kama pembe za ng'ombe. Kati ya ngoma na ngoma kuna hadithi na utani, mwingine utakulenga wewe mgeni. Panda boda mpaka mlangoni, gari liache nyumbani. Kama hutaki kuvutwa ucheze mwishoni, usikae viti vya mbele.

Ukishatulia niandikie inbox, Alhamisi huwa tuko kikundi cha watu wa ofisini tunaozunguka studio. Hakuna ada, kila mtu anajilipia chai yake.