Kindi aliyekufa usimtie kwenye mboji

Ukikuta kindi amekufa na unajiuliza kama umtupe kwenye lundo la mboji, jibu ni hapana, hapafai. Lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kutosha kuua vijidudu, na harufu ya mzoga itaita panya na mbwa. Vaa glavu, mwinue kwa koleo, mfukie kina cha sentimita 60 hivi, mbali na kisima na matuta ya mboga. Usimshike mikono mitupu hata akionekana msafi: mwili ukipoa, viroboto humhama kutafuta mwili mwingine wenye joto, na wa karibu ni wako. Ila kama kuna mtu ametega sumu ya panya hapo jirani, zuia mbwa na paka kwanza, maana sumu hubaki ndani ya mzoga na anayeula hudhurika naye.