Tovuti ya korosho haipati wateja? Rangi iache mwisho

Mkuu uliyeko Lindi, umeuliza ubadili rangi gani kwenye tovuti yako ya korosho zilizobanguliwa, maana watu wanaingia na kutoka bila kupiga simu. Nimeifungua kwenye simu yangu na kuipitia yote. Natengeneza tovuti hapa Mtwara, wateja wangu wengi ni wauza korosho na wenye nyumba za wageni za Mikindani, na naona rangi siyo inayokukosesha simu kwanza. Jina la kikundi, bei, picha ya shamba na salamu za kukaribisha wageni, vyote vimeandikwa kwa ukubwa mmoja. Jicho likifika halijui lianzie wapi.

Mnunuzi wa Dar au Dodoma anataka kujua bei ya kilo, kama ni nzima au vipande, kama zimekaangwa au mbichi, na apige namba gani. Hayo yakae juu kabisa, ayaone kabla hajasogeza ukurasa. Bei iwe kwa herufi kubwa na nene. Historia ya kikundi chenu ni nzuri, nimeisoma mpaka mwisho, ila ishuke chini.

Pili, vinavyohusiana vikae karibu. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliliandika hili Ujerumani mwaka 1923, kabla hata ya kompyuta: macho huvichukua vitu vilivyokaribiana kuwa kundi moja. Kwako bei ya korosho nzima imekaa katikati ya picha mbili, na mtu hawezi kujua ni ya ipi. Usichore boksi. Isogeze bei kwenye picha yake, kisha ongeza nafasi kati ya bidhaa na bidhaa. Wateja wangu hulalamika sana, "hapa pako wazi, weka kitu", na huwa nakataa kabisa, kwa sababu uwazi huo ndio unaomwonyesha msomaji kipi kinaishia wapi.

Namba ya simu umeiweka ndani ya picha ya bango. Haiguswi, hainakiliki. Iandike kama maandishi, uifanye kiungo, mtu akigusa simu iite. Kitufe chake kiwe kikubwa: mwongozo wa WCAG 2.2, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, uliotolewa mwaka 2023 na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, unataka angalau pikseli 24 kwa 24, na kwenye ngazi yake ya juu 44 kwa 44. Nakushauri uende na 44. Zile picha zinazojibadilisha zenyewe hapo juu zitoe, zinakula bando la watu. Bakiza moja ya korosho zenyewe.

Sasa rangi. Maandishi yako ni kijivu hafifu juu ya krimu. Ofisini yanapendeza, lakini anayesoma saa saba mchana akiwa stendi, jua la huku kwetu linapiga kwenye kioo, haoni kitu. Mwongozo huohuo unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Vikokotoo vya bure vya kupima vipo mtandaoni. Na zile duara za kijani na nyekundu za kuonyesha mzigo, ziandikie maneno "zipo" na "zimeisha", kwani wako watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili.

Ukianza upya, jenga ukurasa mzima kwa nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Mpe mtu ambaye hajawahi kuuona, mwachie sekunde chache, kisha funika simu na umuulize kilo ni shilingi ngapi na anapiga wapi. Akishindwa, panga tena. Akijibu, hapo ndipo utie rangi: ile kahawia iliyokolea ya nembo yenu inatosha, na iwe ya vitufe tu, isionekane mahali ambapo hapabonyezwi. Ukimaliza weka kiungo hapa, nitaipitia tena.