Yule jenerali mnayemtolea mfano

Shangazi, shikamoo. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza hadi mwisho, na zile tatu za kina mjomba pia. Wote mnasema mamoja: eti mwanajeshi mwenye cheo akitoroka kwa wakomunisti akaingia Marekani, anapewa nyumba, gari na mshahara wa maisha, basi kijana wetu aliyeko jeshini akienda kozi ya nje mwakani azamie, aseme yeye ni askari, mambo yatanyooka. Nimekasirika na sitaki kuficha. Mtoto ni wetu sote, na njia mnayomwonyesha hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza inatokea wapi.

Ya baridi na kubeba boksi huku Marekani mnayajua, nayaacha. Nitasema ya karatasi na ahadi, maana hapo ndipo penye kidonda.

Mjomba amemtaja yule wa Cuba. Ni Brigedia Jenerali Rafael del Pino, naibu mkuu wa jeshi la anga, rubani aliyepigana Playa Girón, pwani ya Cuba ilipovamiwa mwaka 1961, na baadaye akaongoza ndege za Cuba katika vita vya Angola. Tarehe 28 Mei 1987 alimpakia mkewe na watoto watatu kwenye Cessna 402, akatua Key West, kusini kabisa mwa Florida. Mpaka hapo mjomba amesema kweli. Lakini tazameni aliowapakia. Ana siri za jeshi zima kichwani, ana kindege kidogo, na nafasi yote ameijaza familia. Mtu anayeyajua mambo haya kwa ndani hasemi "nitawavuta baadaye". Na akishatua maisha yake ni ya kujificha, hakai barazani na majirani.

Ukishashuka hupelekwi kwenye nyumba yako. Unapelekwa kwenye nyumba ya watu wa ujasusi yenye walinzi, na mahojiano yanaanza. Swali uliloulizwa leo asubuhi utaulizwa tena wiki ijayo na mtu mwingine, kwa maneno mengine, waone kama jibu litayumba. Ipo na mashine ya kupima uongo. Si kwamba wanakuchukia. Nchi za kikomunisti zilikuwa zikituma watoro wa uongo, kwa hiyo kila anayekuja anatazamwa kama mtego mpaka ionekane vingine. Ofisa wa KGB, shirika la ujasusi la Wasovieti, Yuri Nosenko, alivuka kwa Wamarekani mwaka 1964. Hawakumwamini. Alifungiwa peke yake siku 1,277, sehemu kubwa katika chumba cha zege kilichojengwa kwa ajili yake, bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Mle ndani alitengeneza kete za sataranji kwa nyuzi alizochomoa kwenye nguo, wakazichukua. Baadaye wakakubali kwamba ni mtoro wa kweli, wakamlipa na kumpa kazi ya ushauri. Miaka ile mitatu na nusu haikurudi.

Ile sheria mnayoisikia ipo. Ni ya mwaka 1949, na inaruhusu mtu kupewa ukaazi wa kudumu bila kujali vizuizi vya kawaida vya uhamiaji. Isomeni vizuri. Nafasi ni 100 kwa mwaka wa fedha, na ndani ya hizo 100 wamehesabiwa mke na watoto. Wanaoamua ni mkuu wa CIA (shirika lao la ujasusi wa nje), mwanasheria mkuu wa serikali na mkuu wa uhamiaji, wote watatu wakubaliane kwamba kuingia kwa mtu huyo ni kwa faida ya usalama wa Marekani au kazi yao ya ujasusi. Hakuna fomu ya kujaza wala dirisha la kupanga foleni. Hao ndio wanaokutafuta wewe, kwa sababu ya ulichonacho. Kanali Ryszard Kukliński wa makao makuu ya jeshi la Poland aliwapa zaidi ya kurasa 30,000 za siri kati ya 1972 na 1981, na humo ilikuwemo mipango ya vita ya Warsaw Pact, muungano wa kijeshi wa Wasovieti na wenzao. Alizitoa kwa miaka tisa akiwa bado kazini, kila siku anaweza kukamatwa. Kijana wetu ana sare, kitambulisho na cheti cha mafunzo. Ni kijana mzuri, nampenda kama mdogo wangu, lakini sheria hiyo haikutungwa kwa ajili yake.

Sasa ahadi. Shangazi, hili nataka mlisome polepole, ikiwezekana mtu awasomee wazee kwa sauti.

Kuna kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Walalamikaji ni mume na mke, na kesi inawaita Doe tu, jina la kuficha. Mume alikuwa mwanadiplomasia wa nchi ya kambi ya Kisovieti. Kwa maelezo yao, waliomba kutoroka, wakaambiwa wabaki kwanza kazini wapeleleze, wakimaliza watatunzwa maisha yao yote. Walipofika Marekani wakapewa majina mapya, historia ya kubuni, matibabu, na posho iliyopanda mpaka dola 27,000 kwa mwaka. Mwaka 1987 mume akapata kazi jimbo la Washington. Mshahara ukawa unapanda, posho inapunguzwa, hadi ikakatwa kabisa. Mwaka 1997 kampuni ikaungana na nyingine, akaachishwa kazi. Umri umeshakwenda, na historia yake ya kazi ni ya kutungwa, hawezi kumwambia mwajiri mpya alikotoka. Akaomba posho irudi, akajibiwa bajeti hairuhusu.

Akaenda mahakamani. Mwaka 2005 majaji wote 9 wakasema kesi kama hiyo haisikilizwi. Hawakusema Doe ni mwongo, wala hawakupima ushahidi wake. Walisema mkataba wa siri wa ujasusi haudaiwi mahakamani, basi, kwa sababu kuudai ni kuutoa hadharani. Wakaegemea hukumu ya mwaka 1876, ya jasusi William Lloyd, ambaye warithi wake walidai Rais Abraham Lincoln alimwahidi dola 200 kwa mwezi wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Lloyd naye alirudishiwa gharama tu. Kwa hiyo mkisema "walimwahidi", nijibuni: ahadi hiyo imeandikwa wapi, na ikivunjwa unamshtaki nani, kwa nani?

Jina jipya nalo mnaliona kama zawadi. Lifikirieni kwa vitendo. Cheti cha chuo cha jeshi kiko kwenye jina la zamani, ukikionyesha umejifichua. Leseni ya urubani, shahada, barua ya mwajiri, vyote vya jina la zamani. Na Marekani mtu hapangi nyumba wala hakopi gari bila kredi, yaani rekodi ya jinsi alivyolipa madeni. Mwenye jina la jana ana kredi ya jana. Mwanamume wa miaka 50 aliyekuwa akiamrisha maelfu anaanza na kadi ya benki ya kuweka dhamana: unaweka dola 200 au 300 zako mwenyewe, unatumia kidogo, unalipa kabla ya tarehe, mwezi hadi mwezi, mpaka wakuamini. Ukichelewa mwezi mmoja rekodi inachafuka. (Hili la kadi mhifadhie kijana, siku moja litamfaa hata kama atakuja kwa njia ya halali kabisa.) Mwaka 1984 ilianzishwa taasisi iitwayo Jamestown Foundation, na mwanzoni kazi yake ilikuwa kuwasaidia watoro wa vyeo vya juu, kwa sababu wengi wakishamaliza kuhojiwa walikuwa hawajui wasimamie wapi.

Na hela za nyumbani? Hapo ndipo mnaponiumiza zaidi, maana mnasema "angalau atatusaidia".

Luteni Jenerali Ion Mihai Pacepa alikuwa mtu wa pili katika ujasusi wa nje wa Romania. Julai 1978 alitumwa kikazi Bonn, Ujerumani Magharibi, akaingia ubalozi wa Marekani, na siku chache baadaye akashushwa na ndege ya kijeshi uwanja wa Andrews karibu na jiji la Washington. Nyuma kulibaki binti yake, Dana, Bucharest. Serikali ikamhukumu baba kifo bila yeye kuwepo, mali ikataifishwa. Mngemtumiaje pesa binti huyo? Kwa benki ipi, kwa mkono wa nani? Hata barua hakuweza. Mwaka 1980 alimwandikia binti yake kupitia gazeti la Le Monde la Ufaransa, na redio ya Free Europe, ya Wamarekani iliyotangazia nchi za kikomunisti, ikaisoma hewani mara kwa mara ili sauti ivuke mpaka. Hebu fikirini: baba kumweleza mwanawe kwa nini aliondoka, na nchi nzima inasikiliza pamoja na makachero. Noti ya dola kumi isingefika. Cheo chake alirudishiwa mwaka 2004, miaka 26 baadaye, Ceaușescu, aliyekuwa mtawala wa Romania, kaburini miaka 15. Alifariki Februari 2021 hukohuko Marekani, bado akiishi kwa jina la kuficha.

Kukliński alibahatika kutoka na mke na watoto wote wawili, Novemba 1981. Mwaka 1984 akahukumiwa kifo kwao. Kisha, mwaka 1994, akawapoteza wanawe wote wawili: mmoja alipotelea baharini Florida, mwingine akagongwa na gari Arizona. Kukanyaga Poland tena ilikuwa 1998. Alifia Florida mwaka 2004, akarudishwa kuzikwa Warsaw. Nyinyi mnaonilaumu kwa kukosa matanga ya babu, pimeni miaka 16 ya kutokanyaga kwenu hata kwa msiba.

Upweke nao una nguvu kuliko mnavyodhani. Kanali Vitaly Yurchenko wa KGB alivuka kupitia Roma Agosti 1985. Novemba 2 mwaka huohuo yuko kwenye mgahawa Georgetown, mtaa wa jiji la Washington, mezani na mlinzi wake, akainuka, akatoka, akarudi zake kwa Wasovieti. Miezi mitatu tu. Wapo wanaosema alitumwa tangu mwanzo. Lakini mwanamke aliyempenda alikuwa Kanada na alishamkataa, na mtu hali chakula mezani na askari wa kumchunga kila siku bila kutafakari alichokiacha.

Basi, kijana. Asizamie. Asikubali pia kuambiwa na mtu yeyote, hata mimi, kwamba asikimbie kama roho yake iko hatarini kweli. Hapo akimbie usiku huohuo na karatasi tutazitafuta baadaye. Lakini njaa ya maisha bora siyo hatari ya roho, na mwamuzi wa uhamiaji anajua kutofautisha.

Njia iliyo wazi kwa mtu wa kawaida ni kuomba hifadhi, fomu I-589, na aiwasilishe ndani ya mwaka mmoja tangu alipoingia nchini. Mwaka ukipita, mlango unafungwa isipokuwa kwa sababu chache sana. Anatakiwa kuonyesha anaogopa kuteswa kwa rangi, dini, utaifa, msimamo wa kisiasa au kundi la kijamii alilomo. Kutoroka jeshi peke yake hakumo. Kuogopa mahakama ya kijeshi kwa sababu umeacha kikosi, kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa ni kuteswa. Mbaya zaidi, fomu inauliza kama amewahi kuwa jeshini, polisi au kundi lenye silaha, na kama amewahi kuamuru, kusaidia au kushiriki kuwadhuru watu. Sare mnayoiona kuwa ngao ndiyo itakayomletea maswali mengi kuliko mkulima. Akionekana alishiriki kuwatesa watu, hifadhi hapati, hata kama na yeye anateswa.

Asidanganye. Kuna watu huku wanauza hadithi tayari, unalipa, unabadilishiwa jina na kijiji. Ombi la uongo wa makusudi likigundulika linamfungia mtu milele kila faida ya uhamiaji, hata akioa huku. Asiseme ovyo pia: hayo mambo asiyaongee kwenye simu za kikosi wala kwenye kundi letu la familia, ambalo lina watu 60 na wengine hatuwajui.

Akitaka kutoka, atoke kwa mlango: amalize mkataba wake au aombe kuacha kwa barua, achukue hati ya kuachishwa jeshi, na nakala za cheti cha kuzaliwa, vya shule na vya mafunzo. Kila karatasi ya Kiswahili itahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri atie saini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Kisha aombe chuo au kazi kama wenzake. Ni polepole na inachosha, lakini atakuja kuwazika.

Shangazi, mwambie anipigie mwenyewe, Jumapili jioni, kabla hajapangiwa safari. Sitaki kusikia habari zake kwa sauti ya mtu mwingine.