Wasifu wa baba: shamba, meli na mauzo

SWALI: Baba yetu amefariki. Alilelewa shambani Taita, akatumikia Jeshi la Wanamaji pale Mtongwe, kisha akawa muuzaji wa kampuni hadi kustaafu. Wasifu wa kusomwa mazishini tuuandikeje? – Msomaji, Likoni

JIBU: Poleni kwa msiba, Mola awape subira. Maneno 400 hadi 500 yanatosha. Yakisomwa polepole ni kama dakika nne. Anzeni na cheti chake cha kuachia jeshi, si kumbukumbu za wajomba. Mnatafuta cheo cha mwisho na tarehe za kuingia na kutoka. Cheo ndicho hukosewa sana, maana jamaa hupenda kumpandisha marehemu, na wenzake wa Mtongwe watakuwa wameketi pale wakisikiliza. Angalieni pia mwaka: Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa tarehe 12 Desemba 1964. Kikosi cha wanamaji cha kifalme cha Afrika Mashariki, cha enzi ya ukoloni, kilichokuwako kabla yake kilivunjwa 1962, kwa hivyo msivichanganye.

Utoto usizidi aya moja: mazao, mifugo, shule.

Mauzo msiyafupishe. Wengi huyapa mstari mmoja, ilhali ndiyo miaka mingi zaidi ya maisha yake. Tajeni bidhaa, njia aliyozunguka, mfano Voi hadi Malindi, na muwapigie wateja wa zamani. Mwenye duka Kongowea atawapa kisa kimoja kinachoshinda sifa kumi za "mchapakazi".

Majina ya wake na watoto yapitiwe na wazee wawili kabla ya kwenda kwa mchapishaji.