Jibu: Fedha au brasi kwa fremu ya velodromu

Ndugu, umeuliza fremu yako ya kwanza ya baiskeli ya velodromu (uwanja wa mbio za baiskeli) uiunge kwa fedha au kwa brasi, na kama vishikio vya ekseli vya baiskeli ya kawaida, vile vinavyoshika gurudumu la nyuma, vitafaa.

Kama unatumia soketi, yaani vipande vya chuma ambamo ncha za mabomba huingizwa, chukua aloi ya fedha. Huyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi, ilhali brasi hutaka karibu 900, na bomba lenye ukuta wa milimita 0.8 huharibika upesi likizidishiwa moto. Ila fedha haizibi uzembe: inataka mwanya wa kama milimita 0.1 tu, kwa hiyo kazi yenyewe iko kwenye tupa. Kata mdomo wa bomba, jaribisha, piga tupa tena, mpaka ukiliinua kwenye mwanga usione upenyo. Mimi hukaa hapo muda mrefu kuliko kwenye moto, na sijawahi kuujutia. Sugua chuma king'ae, paka flaksi (dawa ya kusafisha chuma kinapopashwa moto), kisha pasha kiungo chenyewe, si ufito wa fedha. Fedha hufuata joto.

Vishikio vya kawaida, hapana. Vyako vifunguke kuelekea nyuma, ukaze mnyororo kwa kuvuta gurudumu, na nafasi kati yake iwe milimita 120. Ekseli ya pedali nayo iinue kidogo, maana pedali za baiskeli hii huzunguka muda wote gurudumu likizunguka, hata kwenye kona, na zisiguse chini.