Andika leseni kabla hujapokea hata shilingi

Wenzangu mnaoandika programu kwa vibarua, hili la leseni, yaani maandishi yanayosema nani ana ruksa ya kutumia programu yako na kwa masharti gani, mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa. Kuna mteja hapa Nairobi nilimtengenezea mfumo wa kupokea ada, na ndani nikatia kipande changu cha malipo ya M-Pesa nilichokuwa nimekiandika zamani usiku usiku, kile kinachogeuza namba ya simu ya 07 iwe 254, kinachojua taarifa ya malipo ikija mara mbili ihesabiwe mara moja tu, yaani vile vitu vidogo vidogo vinavyokutoa jasho. Mkataba? Tuliongea kwa simu, nikatumiwa nusu ya pesa, nikaanza.

Baadaye nataka kukitumia kwa mteja mwingine naambiwa hapana, hiyo ni mali yetu, tulilipia. Iliniuma sana. Kwenda kusoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nakuta programu inahesabiwa kazi ya fasihi, na kazi ya kuagizwa haki yake inahamia kwa aliyeagiza, labda kama mmekubaliana vingine. Kipande changu hakikuagizwa na mtu, lakini nitaonyesha nini? Hakikuwa na leseni, na nilikichanganya humo humo na kazi ya mteja. Nikaandika upya kutoka sufuri, wiki tatu.

Siku hizi kitu changu kinakaa kwenye repo yake, yaani hifadhi yake peke yake, huko GitHub, mtandao wa kutunzia programu, kabla ya kazi kuanza, na faili la leseni lenye mwaka na jina langu. Mimi natumia leseni ya MIT, ni fupi, kila mtu ruksa ila jina lako na maneno ya leseni yabaki. Ukitaka anayesambaza toleo alilorekebisha naye autoe msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, chukua leseni ya GPL. Usiache bila leseni ukidhani umewapa watu, bila leseni haki zote bado ni zako na mtu makini hataigusa. Halafu kwenye mkataba naweka mstari mmoja: vilivyokuwepo kabla vinabaki vyangu, mteja ana ruhusa ya kuvitumia bila kikomo. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Nyie mlioajiriwa someni barua zenu za ajira vizuri, sheria hiyo hiyo inampa mwajiri ulichoandika ukiwa kazini kwake, na mradi wako wa usiku tafadhali usiuandikie kwenye laptopu ya ofisi.