Maabara au kompyuta? Ninachowaambia wadogo zangu

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne au cha sita, simu yangu haitulii. Anapiga mdogo wangu wa ukoo, anapiga mtoto wa jirani, wakati mwingine mzazi mwenyewe: "Kijana kafaulu sayansi, tumpeleke maabara au kompyuta?" Wananiuliza mimi kwa sababu nilianza kazi kwenye benchi la maabara ya hospitali, na sasa ninasimamia mfumo wa kompyuta unaopokea maombi ya vipimo na kurudisha majibu wodini. Kazi zote mbili nimezifanya na zote nazipenda.

Swali la ipi ina ajira naliweka pembeni mapema. Nafasi za kada ya afya serikalini zikitangazwa, waombaji huwa wengi kuliko nafasi, na vijana kadhaa ninaowafahamu wamejitolea hospitalini kwa posho ya nauli wakisubiri. Upande wa kompyuta nako, programu nyepesi ambazo zamani kijana angepewa aanzie hapo, leo akili mnemba inaziandika kwa dakika chache. Hakuna kozi kati ya hizi inayokuhakikishia mshahara. Kwa hiyo uliza kazi yenyewe ikoje, siku baada ya siku.

Maabara ikoje? Ni saa nane usiku, mama aliyejifungua anavuja damu, na muuguzi amekuletea sampuli mkononi. Inakubidi upime kundi la damu, ulinganishe damu yake na ile iliyo kwenye jokofu, utoe chupa, na muda wote huo uwe na uhakika kwamba jina lililo kwenye kichupa ni la mama yule yule aliye kitandani. Damu isiyolingana inaweza kuua. Katika hospitali nyingi za wilaya, zamu ya usiku unaweza kuwa peke yako maabara nzima. Mchana unarudi kwenye hadubini: unahesabu vijidudu vya malaria huku ukihesabu chembe nyeupe za damu hadi zifike 200, kisha slaidi inayofuata, kisha nyingine. Mgonjwa wa mwisho kwenye foleni anastahili jicho lile lile ulilompa wa kwanza. Wapo vijana wenye akili nyingi sana ambao hawaliwezi hilo, na wapo wa wastani darasani wanaoliweza vizuri mno. Hawa wa pili ndio ninaowataka maabara.

Kompyuta inataka subira ya aina nyingine. Kitu kilichofanya kazi jana leo kimegoma, hujui kwa nini, na unakaa nacho mpaka kifunguke. Ulichojifunza chuoni kinachakaa, unajifunza upya. Mwajiri atakuuliza umetengeneza nini kabla hajakiangalia cheti chako. Kama kijana tayari anatumia bando lake usiku kujifunza kuandika programu bila kusukumwa, mzazi, usihangaike: jibu analo tayari.

Ila wanaonipigia wengi wako katikati kabisa, na kwao nina ushauri mmoja ambao sijaubadilisha. Kama una ufaulu wa Kemia, Bayolojia na Fizikia, na mapenzi yako yamegawanyika sawasawa, anza na maabara. Sababu ni ya kisheria kabisa. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Wataalamu wa Maabara za Afya ya mwaka 2007, huruhusiwi kupima sampuli za wagonjwa bila kusajiliwa na Baraza la wataalamu hao na kupewa leseni, na usajili huo unapitia chuo: stashahada ya miaka mitatu, au shahada ikifuatiwa na mwaka wa mafunzo kazini. Njia ya mkato hakuna. Kompyuta haina baraza la kukuzuia mlangoni. Mteknolojia wa maabara anaweza kujifunza hifadhidata jioni akafika mbali, lakini mtaalamu wa kompyuta akitamani maabara akiwa na miaka 30, itambidi arudi darasani na watoto wa juzi.

Sharti lipo. Usije maabara kama makohozi, choo na damu za watu vinakutia kinyaa kisichoisha. Utashika sampuli za kifua kikuu na za homa ya ini, na chanjo ya homa ya ini aina ya B uipate kabla hujaanza mafunzo ya vitendo. Kagera ilipokumbwa na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mwaka 2023, walioithibitisha ni watu wa maabara, na sampuli ile ilibidi ishikwe na mikono ya mtu.

Nawaambia pia kwamba panapokutana kazi hizi mbili pana uhitaji mkubwa. Sukari ya 6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita ni sawa na kama 108 kwa miligramu kwa desilita. Mashine moja inatoa hivi, nyingine vile. Aliyetengeneza mfumo bila kulijua hilo ataweka namba kwenye skrini ya daktari bila kipimo chake, na namba itaonekana safi kabisa. Mtu aliyewahi kukaa benchini anashtuka palepale. Hospitali zetu zinaingia kwenye mifumo kila mwaka, na watu wanaoshtuka namna hiyo ni wachache.

Kama ni kompyuta, soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huo kabla ya kuomba shahada, hasa wewe uliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia), kwa sababu kozi nyingi huangalia hisabati. Kama ni stashahada ya maabara, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi), kisha nenda mwenyewe ukawaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu mambo mawili: wanapelekwa hospitali gani kwa mafunzo ya vitendo, na wakifika huko wanapima sampuli wenyewe au wanasimama nyuma wakitazama.